Friza ya shangazi

Bibi mmoja ameniletea kisa cha zawadi aliyopewa asiyoitaka, nacho kiko hivi. Bwana na bibi wameoana, wamepanga chumba na sebule huko Kisauni ghorofa ya pili, bwana yuko kwa kampuni ya kliaring na bibi yuwasomesha nasari asubuhi, jioni yuko madrasa. Harusi imekwisha watu wametawanyika, siku moja wanawake wa upande wa bwana wakaja kumtizama bi harusi na nyuma yao hamali wawili wamebeba friza. Si friji, ni friza, ile ndefu ya kulala inayofunguliwa juu, mpya, iko na boksi lake. Shangazi wa bwana ndo kaileta. Hakumuuliza mtu, hakupima mlango, na mbele ya wanawake wote akasema hii nampa mkaza mwanangu asikae bure, auze barafu za ukwaju, auze sambusa za kugandisha, Ramadhani ikifika ataniombea dua. Vigelegele vikapigwa. Bi harusi akamshika mkono akambusu, asante shangazi, Mungu akuzidishie. Angesema nini lingine?

Majina nimeyaacha, bibi mwenyewe ndo kanipa ruhusa nikieleze, na bwana pia ameridhia ingawa kwa shingo upande.

Huyu shangazi si wa hivi hivi. Bwana alifiwa na mamake akiwa darasa la tatu na ni yeye aliyemchukua akamlea pale Kibokoni, akamsomesha mpaka akamaliza, na pesa yote ilitoka kwa karai: viazi jioni, kaimati na mkate wa sinia Ramadhani, asubuhi mahamri. Kwa hivyo kwenye ukoo ule neno lake likishatoka watu hawaongezi. Nalisema mapema manake kuna wasomaji washaanza kuandika kichwani mwao "si arudishe tu", na hiyo "tu" ndo haipo hapa.

Sasa friza imeingia sebuleni. Kochi moja likahamia chumbani, mlango wa kuingilia ukawa wafunguka nusu, mgeni akiwa mnene apite ubavu. Ikawashwa. Na hapa nataka niwe na hesabu kidogo kwa sababu watu huongea juu ya zawadi kama kwamba ikishafika nyumbani gharama zimekwisha. Bei ya stima kwa nyumba zetu tangu Aprili 2023 imegawanywa kwa matumizi: yuniti 30 kwa mwezi kushuka chini ni bei ya chini kabisa, kutoka 30 mpaka 100 ni bei nyingine, kupita 100 ni nyingine tena. Watu wawili wenye taa, tivii, feni moja na chaja wakijibana wanaweza kukaa chini ya 30. Friza ya kulala, kutegemea saizi yake, yaweza kula kama yuniti moja kwa siku peke yake, na joto la Mombasa laifanya mashine izunguke sana, na hii yenyewe imesukumwa ikagusa ukuta hewa haipiti nyuma. Kwa maana nyingine friza imewatoa hawa watu kwenye daraja lao, si kwamba wanalipia stima ya friza tu, hata ile ya taa imepanda bei. Bibi aniambia token iliyokuwa ikimaliza mwezi sasa yaisha katikati. Na ndani ya friza kuna nini? Mkebe mmoja wa nazi iliyokunwa na samaki wa Jumamosi. Friza tupu nayo ina tabia mbaya, haina cha kushikilia ubaridi, ikijaa angalau vile vilivyoganda vyaushikilia.

Lakini si stima iliyonifanya nikikubali hiki kisa. Ni uongo.

Shangazi kila wiki apiga simu, biashara yaendaje mwanangu? Bibi ajibu yaenda alhamdulillahi. Barafu ngapi leo? Ishirini. Hakuna hata moja! Afu siku shangazi akisema napitia kwenu baada ya Alasiri, bibi hukimbia kwa jirani wa chini anayeuza barafu kweli kweli, akanunua zake zote, akazipanga ndani ya friza na zingine akazitia pembeni ati hizi ni oda ya mtu. Shangazi afungua, aangalia, afurahi, atoa hela anunua tano awapelekee wajukuu. Bibi azipokea zile hela. Aniambia siku ile alilia, si kwa ajili ya friza, ni kwa vile mzee wa watu alihesabu shilingi kutoka kwenye pindo la leso yake kununua barafu ambazo hazikugandishwa pale.

Kila mtu akawa na rai yake. Bwana: tuiweke, tusimuudhi, nyumba tutahama siku moja. Mamake bibi: zawadi hairudishwi, hata dini imesema. Binamu wa bwana, huyu ni mtu wa kununua na kuuza, akasema pigeni picha muiweke kwa grupu la WhatsApp itanunuliwa kabla ya Magharibi, ama shangazi mwenyewe aitwe ainunue tena kwa nusu bei. Na wifi wa bibi, dadake bwana anayekaa Likoni, akasema chini chini kwamba yeye ndiye anayeuza barafu, kila siku agandisha kwa friza ya watu na kulipia, na kwamba shangazi hakumuona. Hilo "hakumuona" lishikeni, tutalirudia.

Tuanze na swali ambalo hakuna aliyeliuliza: friza ni ya nani? Bwana alikuwa akiongea kama yake manake shangazi ni wake. Shangazi aongea kama bado yake manake ndiye aliyenunua. Na maneno yaliyosemwa siku ile, mbele ya mashahidi chungu nzima, ni "nampa mkaza mwanangu". Kwa Mashafi, na huku pwani wengi wetu ndo madhehebu yetu, hiba, yaani zawadi, yataka mtoaji aseme, mpokeaji akubali, na kitu kishikwe kwa idhini ya mtoaji. Yote matatu yalipatikana ndani ya dakika kumi. Kwa hivyo friza ni ya bibi, si ya nyumba, si ya bwana, na uamuzi ni wake. Hata ingefika kwa mabishano, na Mungu aepushe, hii si kesi ya kwenda kumsumbua kadhi, yeye ibara ya 170 ya katiba ya 2010 imempa ndoa, talaka, mirathi na hadhi ya mtu, friza haimo.

Sasa hilo la "zawadi hairudishwi, dini imesema". Mama watu alikuwa na maana ya ile hadithi mashuhuri ya Bukhari na Muslim, kwamba mwenye kurudia kipawa chake ni kama mbwa anayerudia matapishi yake. Nisameheni lakini hii hadithi huku kwetu hutumiwa kichwa chini. Yamsema mtoaji! Yule aliyetoa afu akabadilisha nia akataka kunyang'anya. Haimsemi aliyepewa. Shangazi ndiye asiyeweza kuja kesho akasema nirudishieni friza yangu, na hata ile ruhusa aliyopewa mzazi kurudia alichompa mtoto wake, shangazi haimfiki. Na ile rai ya binamu ya shangazi kuinunua tena kwa nusu bei, kuna kisa cha Sayyidna Umar aliyetoa farasi kwa njia ya Mwenyezi Mungu, aliyepewa akamtupa mkono farasi akachakaa, Umar akataka kumnunua akijua atauziwa rahisi, Mtume (S.A.W.) akamwambia usimnunue hata kwa dirhamu moja. Ile ilikuwa sadaka na hii ni zawadi, najua, lakini ukimwita bi mkubwa alipie mara ya pili kitu alichokinunua yeye, hata bila fatwa unaona kuna jambo halijakaa sawa.

Ni kweli pia kuna hadithi ya kwamba itikieni mwaliko wala msirudishe zawadi. Lakini Mtume mwenyewe alirudisha, na ukiangalia alivyorudisha ndo utapata dawa ya hiki kisa kuliko rai zote za ukoo.

Sa'b bin Jaththama alimletea nyama ya kuwinda, punda mwitu, naye Mtume alikuwa kwenye ihramu, ile hali ya ibada ya hija na umra yenye makatazo yake, kuwinda likiwamo. Akamrudishia. Lakini alipouona uso wa Sa'b ulivyobadilika akamwambia pale pale: hatukukurudishia ila kwa sababu tuko kwenye ihramu. Sababu ikatajwa, na ni sababu iliyo upande wa mpokeaji, si kasoro ya nyama wala ya mwenye nyama. Kisa cha pili ni cha Abu Jahm, alimpa Mtume shuka yenye nakshi, akaswali nayo, nakshi zikamshughulisha, akasema mrudishieni Abu Jahm hii shuka yake na mniletee ile yake nzito isiyo na nakshi. Wanavyuoni walioisherehesha wamesema aliomba ile nyingine ili Abu Jahm asijihisi zawadi yake imekataliwa. Na cha tatu ni cha joho la hariri, Umar alipewa na Mtume akashangaa, si ulisema wanaume wasivae hii? Akaambiwa sikukupa uivae. Umar akampa nduguye aliyekuwa Makka. Kwa hivyo kumpa mwingine zawadi uliyopewa si jinai, kama mtoaji yuajua au angeridhia.

Nikayapima yale mapendekezo kwa mizani hiyo.

La kuirudisha dukani halikwenda mbali. Risiti anayo shangazi, na risiti zetu hapa chini zina ile sentensi kwamba mali ikishauzwa haipokelewi tena, waranti ni ya kitu kuharibika na friza haijaharibika, yafanya kazi vizuri mno. Kuwa na sebule ndogo si ubovu wa mashine.

Kuuza kwa grupu, haki anayo, ni mali yake. Lakini Mombasa hii? Kisauni na Kibokoni ni daraja la Nyali tu katikati, ile picha ingefika kwa shangazi kabla mnunuzi hajauliza bei ya mwisho, na angeiona na doa la kando pale hamali walipoikwaruza kwa ngazi, hakuna kukana. Kosa lingekuwa si kuuza, ni kumfanya asikie kwa simu ya mtu.

Kuiweka, ambayo ndo rai ya bwana. Hii huonekana ndo ya heshima lakini mimi naiona ndo ya hatari kabisa, kwa sababu kwa hiki kisa kuiweka hakumaanishi kukaa na friza, kumaanisha kuendelea na yale maigizo ya barafu za jirani. Ingekuwa sinia au seti ya vikombe ningesema weka, funika, toa akija, nani hana kabati la vyombo vya kutolewa wakija wenyewe. Lakini zawadi yenye kazi ndani yake, yenye simu kila wiki, yenye matarajio ya Ramadhani, hiyo haiwekwi kabatini. Na siku uongo ungejulikana, na jirani wa chini ana mdomo, lisingekuwa tena neno la friza.

Likabaki la kwenda kumwambia. Na hapa tulibishana na bibi sana, manake yeye alitaka bwana aende peke yake, ni shangazi yake, atajua namna ya kusema. Nikamwambia la. Akienda bwana peke yake, shangazi atasikia neno moja tu: katumwa na mkewe. Ukienda wewe peke yako utakuwa mkaidi aliyekuja mjini juzi. Mwende wote wawili, aseme mwenye zawadi, na bwana kazi yake ni kukaa ubavuni na asiingilie mpaka aulizwe. Msiende karibu na Ramadhani wala siku ya Idi. Na alitoa mbele ya watu kwa hivyo nyinyi semeni pasi na watu, hata wifi asiwepo.

Na nikamwambia la tatu, hili ndo nililolishikilia: usiende kurudisha, nenda kaombe. Kama Abu Jahm. Tafuta kitu kilicho kwake unachokitaka kweli. Kisiwe cha kununua, kiwe kiko tu nyumbani mwake. Akafikiri akasema, pale kwa shangazi kuna mbuzi ya kukunia nazi, ile ya kibao cha zamani, imewekwa juu ya kabati tangu bi mkubwa anunuliwe blenda na watoto, na mimi nazi ya blenda siipendi.

Wakaenda. Nilivyohadithiwa, bibi alianza na shikamoo na habari za miguu, afu akasema yote bila kupindapinda: shangazi, friza sijauza hata barafu moja, zile ulizonunua nilizinunua kwa jirani, na hela zako hizi hapa. Alizifunga kwenye kitambaa. Kazi yangu ni kusomesha, nikirudi madrasa nguvu zimekwisha, na nyumba ni ndogo. Sikuweza kukwambia kwa kukuheshimu, na sasa naona vile nilivyokuwa nikifanya ndo kulikuwa kukuvunjia heshima.

Shangazi akanyamaza. Bwana alitaka kuongea, bibi akamgusa goti. Afu bi mkubwa akasema jambo ambalo hakuna yeyote kati yetu aliyelijua, kwamba alipoolewa yeye, barafu alikuwa akinunua kwa watu, atoka na ndoo mtaa wa pili jua la saa saba, na kila siku alikuwa akisema akipata mtoto wa kuoa, mkewe hatabeba ndoo. Kumbe friza ile ilinunuliwa kwa ajili ya bi harusi mwingine, wa miaka mingi iliyopita. Hii naiona sana kwenye visa vya zawadi zisizotakikana, mtoaji huwa amenunua kile alichokikosa yeye, ndo maana hapimi mlango.

Kisha akauliza, sasa wataka nini? Mbuzi ya nazi. Akacheka mpaka akashika ubavu, ati hiyo ina kutu, bwana akapanda kwa kiti akaiteremsha.

Msidhani akamaliza kwa kucheka. Wakati wa kutoka alimwambia bwana pembeni kwamba angeambiwa mapema, na zile simu za kila wiki zikakatika, akawa hapigi mpaka apigiwe. Bibi aliumia kwa hilo akaniuliza kama waliharibu. Mimi naona hawakuharibu. Mtu mzima amedanganywa miezi, ana haki ya kununa kidogo, na kununa kwake kuna mwisho kwa sababu aliambiwa na wenyewe. Yakaja kulainika kwenyewe, Ramadhani ilipofika akamwita bibi kumi la mwisho aje amsaidie kaimati, na bibi akaenda na mbuzi yake begani.

Friza je? Shangazi alisema ile ni yako, nilishatoa, mimi siirudii, fanya utakalo. Hakuna cha mbwa hapo, bi mkubwa mwenyewe ameijua mipaka. Bibi akamuomba ruhusa ampe wifi wa Likoni, na lile la "hakumuona" likapata kusemwa, kwa adabu, kwamba kuna mtoto wako mwingine anayegandisha kwa watu. Shangazi ati akainamisha kichwa akasema mpe, mpe leo. Ikateremshwa ngazi zile zile, ikapakiwa kwenye pikapu, ikavushwa na feri, na siku hizi wifi auza ukwaju, ubuyu na maziwa, na watoto wa shule wajaa barazani kwake.

Kimebaki kitu kimoja na nimewaambia lakini wote wanalikwepa. Bibi anasema alimpa wifi. Bwana anasema aliazimwa mpaka wapate nyumba kubwa. Wifi hajasema lolote, amenyamaza anauza. Kwa yale masharti niliyoyataja juu, kama maneno yalikuwa "nakupa" basi ni yake na hakuna kurudia, na kama yalikuwa "kaitumie" basi ni azima na siku ikitakiwa itavuka feri tena. Mimi sikuwepo siku ile. Waulizane sasa wakiwa bado wanapikiana, manake ile mashine ikija kufa kompresa, fundi atataka kulipwa, na kila mmoja atakumbuka vingine.